Msiifunge Faili ya Nzioki

Simu ililia Jumatatu saa nne asubuhi, mikono yangu yote miwili ikiwa kwa mashine ya kufuma. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata na nilikuwa na sweta sitini za maruni za kumaliza, kwa hivyo niliibana simu kwa bega bila kuangalia namba. Watu wenye akili huangalia namba.

"Habari ya asubuhi, madam. Naitwa Musembi, napiga kutoka Ruiru. Naongea na bibi ya Josphat Nzioki Kimeu?"

Nilijua hapo hapo ni akina nani. Hao watu wana upole wao, ule wa mtu anayekushika mkono huku akiangalia mfuko wako. Wanafuata pesa ya kadi ya benki. Nzioki, bwanangu, aliichukua hiyo kadi kwenye geti la kiwanda alikokuwa akifanya kazi hapa Thika. Vijana wa benki waliweka meza na mwavuli, ukileta karatasi ya mshahara unapewa kadi, na juu yake kikombe cha bure. Tulikifurahia sana hicho kikombe. Kadi tukaitumia kununua mabati, kulipa karo ya Dianah, msichana wetu, na kununua televisheni ambayo mpaka leo iko hapa inaniangalia. Yote ilikuwa elfu sabini na nane. Leo wanasema ni laki nne na ushee, na ukiwauliza imezaanaje, wanakueleza mambo ya riba mpaka kichwa kiume. Benki yenyewe ilichoka kitambo, ikawauzia hawa wa Ruiru deni, na hawa hawachoki.

Mwaka wa 2016 nilitupa laini yangu nikanunua ingine ili wasinipate, na hii mpya sijui waliitoa wapi. Kabla ya hapo nilikuwa nawapasha kila mwezi. Matusi yangu si mabaya, mimi ni mtu wa kanisa, lakini mdomo ninao na sijawahi kuuombea msamaha.

Siku hiyo sikumpasha. Nilimwambia tu, "Nzioki alifariki."

Miaka kumi na moja nilikuwa sijawahi kulitamka hilo neno. Nilikuwa nalifanyia mazoezi wiki hiyo kwa sababu Ijumaa nilikuwa na safari ya kortini.

Nikasikia yule kijana akibonyeza kompyuta. "Pole sana, madam. Alifariki lini?"

"Elfu mbili na kumi na nne. Mwezi wa nne."

"Ni vile hapa naona amekuwa akilipa," akasema. "Mia tano, mia tano. Ya mwisho ni Januari mwaka huu. Ndio maana tunapiga, naona ameruka miezi."

Nilikata simu. Uzi ulikuwa umekatika na sweta ikafumuka mpaka kwapani, na mimi nimekaa naiangalia tu.

Wacha nieleze kuhusu Nzioki, ndio uelewe kwa nini mia tano ilinitoa jasho. Kiwanda kilimwachisha kazi mwishoni mwa 2013. Aprili iliyofuata, Jumamosi moja ya mvua, alinywa chai akasema kuna mtu anaenda kumwona kule hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania, huenda akapata kibarua. Kufika saa sita nikaitwa. Viatu vyake vilikuwa juu ya jiwe, pale maji yanapoanguka, na kando ya viatu sweta niliyomfumia mimi mwenyewe, ya kijani ya chupa. Ilikuwa imekunjwa. Mikono imeingizwa ndani, ikakunjwa vizuri mara nne kama ya dukani.

Sasa, Nzioki hakuwahi kukunja nguo maisha yake yote. Nimekaa na yeye miaka kumi na minane nikiokota soksi chini ya kitanda. Niliwauliza wote waliokuwa pale nani ameikunja, kila mmoja akasema aliikuta hivyo. Polisi na wapiga mbizi walitafuta siku tisa. Mto ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa. Ulitoa ndoo, ukatoa mbuzi, ukatoa mlango mzima wa choo, lakini Nzioki haukumtoa.

Wengine wakasema amejitupa kwa sababu ya madeni. Wengine wakasema amewacha nguo pale makusudi akaenda zake. Mtu anakuja kununua sweta ya mtoto, kabla hajalipa anakuambia binamu yake alimwona bwanako Namanga akiuza vitunguu. Bila mwili hakuna mazishi, na bila mazishi wewe si mjane na si bibi ya mtu. Hata kanisani walikuwa hawajui wanikalishe na akina nani. Nilichoka. Ukiniona usiku ungedhani nimelala, lakini sikio langu moja limekuwa likingoja geti miaka kumi na moja.

Halafu kuna Mbuvi. Mbuvi alikuwa karani kortini Thika mpaka alipostaafu, mkewe alifariki, na ni mzee wa kanisa. Si mtu wa maneno matamu. Miaka miwili iliyopita alikuja kunitengenezea mfereji wa paa, akateremka ngazi akasema, "Mwelu, mimi ni mpweke na wewe unapika vizuri." Hiyo ndiyo barua ya mapenzi niliyoipata. Nilimwambia mimi ni bibi ya mtu, au sijui ni nini. Akasema kuna njia. Sheria inasema mtu akikaa miaka saba bila kusikika na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, korti inaweza kumhesabu kama amekufa. Wa kuapa ni mimi, na mama yake Nzioki.

Mama yake ni Ndinda, ila mimi humwita Mwaitu, vile sisi Wakamba humwita mama. Anakaa peke yake Theta, kwa shamba la nusu ekari. Hakukubali kuapa na hakukataa. Kila nikimtajia korti ananieleza habari ya kuku wake, vile ugonjwa wa kideri uliwamaliza Februari akabaki na jogoo mmoja na madeni ya chakula cha kuku. Mbuvi alisema tusimsukume, Ijumaa ikifika tutampitia asubuhi.

Basi hiyo Jumatatu, baada ya simu, nilimwita Mbuvi nikamwambia kila kitu. Aliketi kwenye stuli ya wateja na kofia yake juu ya goti.

"Hilo deni lilikuwa limekufa," akasema. "Likikaa miaka sita bila mtu kulipa wala kukiri, korti haiwezi kumlazimisha yeyote. Lakini aliyekopa akilipa hata shilingi mia, hesabu inaanza upya. Kuna mtu anajaribu kulifufua."

"Ni nani?"

"Wewe ndiye unaweza kujua." Akageuza kofia. "Lakini Ijumaa siwezi kukupeleka uape kwamba hajasikika, na huku kuna mtu analipa kwa jina lake. Hicho ni kiapo cha uongo, Mwelu. Jua kwanza."

Akaenda. Ukitaka ukweli wote, nilifurahi. Ilikuwa kama dakika moja, nikajishika mdomo, nikasema yuko hai, yuko hai. Halafu hasira ikanipanda kutoka miguuni. Yaani mtu ana mia tano ya kupelekea wachuuzi wa madeni Ruiru, na Dianah amemaliza chuo kwa sweta za watoto wa wenyewe? Niliapa kwamba nikimpata nitamuua mwenyewe, angalau tuwe na maiti.

Nzioki alikuwa habishi geti kwa mkono. Alikuwa anagonga chuma kwa funguo, mara mbili. Hiyo Jumatatu saa nane mchana, mvua imekatika na jua limewaka, nikasikia chuma mara mbili. Nikaacha mashine, nikaenda nikafungua. Barabara yetu ya Ngoingwa ilikuwa tupu, isipokuwa mtu wa boda aliyelala juu ya pikipiki yake kivulini. Nikarudi nikaketi. Nikasikia tena, mara mbili. Safari hii sikuenda, kwa sababu niliogopa ningemkuta.

Jumanne nikaenda Ruiru.

Nilishuka nikaanza kuulizia hiyo ofisi, na hapo kwenye maduka, mbele yangu kama hatua ishirini, nikaona mgongo. Sweta ya kijani ya chupa. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, vile Nzioki alivyokuwa kwa sababu ya kubeba magunia ujanani. Nilimfuata. Sikuita, kwa sababu ningeita nini? Nilimfuata mpaka nyuma ya soko, matope yakaingia kwa viatu, na moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikausikia kwa meno. Akasimama kununua mahindi ya kuchoma. Alipogeuka alikuwa mtu wa miaka thelathini, mwenye pengo, akaniuliza, "Sasa, mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Nilinunua mahindi pia, ya kushika tu mkononi.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae na masinki. Chumba kimoja kikubwa, vijana kama ishirini wamevaa vidude vya kusikizia, kila mmoja akiongea na mtu asiyeonekana. Mezani kwa kila mmoja kulikuwa na karatasi ya jina. Nikaona iliyoandikwa MUSEMBI. Nyuma yake alikuwa ameketi msichana wa rasta.

"Namtaka Musembi," nikasema.

"Ni mimi."

"Musembi niliyeongea naye jana ana sauti ya mwanamume. Usinichezee, nimekuja kutoka Thika."

Akaja msimamizi wao, mama mmoja wa umri wangu, miguu imemvimba amevaa ndara. Alisema anaitwa Aketch, na hilo lilikuwa jina lake la kweli. Akanieleza kwamba majina ni ya meza. Musembi ni meza ya nne, na yeyote anayekaa hapo ndiye Musembi, kwa sababu vijana wanaacha kazi kila wiki na wadaiwa wanapenda jina wanalolijua. Yule wa jana alikuwa amehamia kampuni ya kuuza viwanja. Nilimwangalia huyo msichana kwenye kiti cha mtu ambaye hajawahi kuwepo.

"Nataka kujua nani analipa kadi ya Nzioki," nikamwambia Aketch. "Nipe jina. Nipe namba ya simu iliyotuma."

"Siwezi, mama. Sheria ya habari za watu hainiruhusu."

"Sheria? Nyinyi? Mmenipigia miaka nikiwa msibani bila maiti, leo mnajua sheria?" Na mengine mengi nilisema, sitayarudia hapa. Vijana wote wakanyamaza, wadaiwa wakapumzika dakika mbili. Mwishowe sauti yangu ikaniishia, nikajikuta nasema kitu ambacho sikuwa nimepanga kusema. "Nataka kujua kama bwanangu ako hai. Sina swali lingine."

Aketch akavuta kiti akaniketisha. Alikaa mbele ya kompyuta yake, akaigeuza upande wake nisione.

"Jina sitakupa," akasema polepole. "Lakini kila tukipiga simu tunaandika ni nini kimesemwa. Wacha nisome hii faili kwa sauti. Mimi husoma kwa sauti, ni mazoea."

Akasoma. Oktoba 2015: mdaiwa hayupo, mzungumzaji asema atarudi. Januari 2016: hajarudi, mzungumzaji auliza kama sisi tumempata. Juni 2016: mzungumzaji ameambiwa bila malipo faili itafungwa na hatutamtafuta tena, asema msiifunge, atume ngapi? Amelipa mia tano. Akaendelea kusoma, mwaka baada ya mwaka, maneno ni yale yale, hajarudi, msiifunge, mia tano. Nilikuwa nimeshika lile hindi mpaka punje zikanichora kiganja.

"Februari mwaka huu," Aketch akasema. "Mzungumzaji aomba radhi. Asema kuku wote wamekufa na kideri, aomba asubiriwe mpaka vifaranga vitage."

Hakusoma zaidi. Hakukuwa na haja. Niliweka hindi juu ya meza yake nikaondoka, na kwenye ngazi nikaketi nikalia kwa sauti mpaka wanunuzi wa vigae wakapanda kuniangalia. Sitaki useme nilimlilia Mwaitu. Nilimlilia Nzioki, kwa sababu tangu jana saa nne alikuwa amefufuka, na sasa alikuwa amekufa tena mbele yangu, na safari hii hata viatu hakuacha.

Kufika Theta nilimpata Mwaitu uani, amemwaga mahindi kwenye ungo anachagua. Jogoo alikuwa amesimama karibu naye. Nilikuja na hasira nimeipanga njia nzima, neno kwa neno.

"Mwaitu, umekuwa ukiwatumia watu wa Ruiru pesa?"

Hakushtuka. "Umeongea na Musembi?"

"Hakuna mtu anaitwa Musembi. Mwaitu, hao ni wachuuzi wa madeni. Umewapa pesa ya mayai miaka tisa. Hata hujui Nzioki alikuwa anadaiwa ngapi."

"Najua ni pesa nyingi. Ndio maana wanamtafuta kwa bidii." Akapuliza kapi kutoka kwa ungo. "Mwelu, keti. Unanizibia jua."

Nikaketi juu ya ndoo.

"Polisi walitafuta siku tisa," akasema. "Siku tisa, wakakunja kamba zao. Wewe ulitafuta mwaka mmoja, sikulaumu, ulikuwa na mtoto wa kulisha. Kanisa liliomba mpaka Pasaka. Halafu mwaka uliofuata simu yangu ikalia, mtu akasema, tunamtafuta Josphat Nzioki Kimeu. Majina yote matatu. Nikamuuliza, nyinyi ni nani? Akasema, kazi yetu ni kutafuta watu, mama, na tunawapata. Mwelu, nilipiga magoti hapa kwa matope nikamshukuru Mungu."

Nilifungua mdomo. Hakunipa nafasi.

"Miaka kumi wamemtafuta. Kila mwezi wananipigia wananiuliza, amerudi? Hapa Theta nani huniuliza hivyo? Wewe ukimtaja unasema yule baba. Dianah hamtaji kabisa. Jirani wakiniona wanaongea habari ya mvua. Mia tano ya kutafutiwa mtoto, Mwelu, kwako hiyo ni ghali?"

Zile hasira zangu nilizozipanga njia nzima sikupata hata moja. Nilitaka kumwambia kwamba hawa hawajawahi kutoka kwenye viti vyao. Kwamba kumtafuta kwao ni kubonyeza namba na kusoma jina. Nilimwangalia mikono, ile mikono inachagua mahindi mabovu moja moja, na nikakosa moyo. Nilisema tu, "Mwaitu, mimi nataka kuolewa."

"Na Mbuvi?"

"Na Mbuvi."

"Ni mtu mzuri. Ana masikio makubwa, lakini ni mtu mzuri." Akamtupia jogoo punje mbovu. "Hiyo karatasi ya korti inasema mtoto wangu amekufa?"

Nikakumbuka vile Mbuvi alivyonisomea. "Karatasi yetu inasema hatujamsikia miaka saba. Mengine ni ya jaji."

"Hiyo naweza kuapa, kwa sababu ni kweli. Sijamsikia." Akageuka akaniangalia, na nikaona macho ya Nzioki kabisa, yale ya kuomba kitu asichotaka kuonekana anaomba. "Lakini nawe uniapie hapa. Faili ya Ruiru isifungwe."

Nikaapa. Sikufikiria. Ungeletewa macho hayo ungeapa pia.

Ijumaa tukaenda kortini, Mwaitu katikati yetu na kitambaa chake cheupe cha kanisa. Anajua kuandika, alisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, na aliandika jina lake polepole mpaka karani akaanza kupiga miayo. Mimi niliandika langu haraka nikatoka nje. Mbuvi hakuniuliza kwa nini nalia. Alinishikia mkoba.

Amri ya jaji ilitoka Septemba. Mbuvi aliipeleka Ruiru yeye mwenyewe, maana kisheria ilibidi waache kusumbua watu. Siku hiyo hiyo nikampigia Aketch. Nilimwomba, mimi niliyemtukana mbele ya vijana wake, nikamwambia naomba hiyo faili isifungwe, muwe mnampigia tu yule mama, hata bila kudai kitu.

"Mama," akasema, "nikiingiza hiyo amri kompyuta inajifunga yenyewe. Jina linatoka. Meza ya nne haitaliona tena. Pole."

Mwezi huo nilimpelekea Mwaitu sukari na vifaranga kumi. Simu yake ilikuwa juu ya kiti, kiti kizima peke yake, imewekewa kitambaa. Akaniambia Musembi hajapiga. Labda ni mgonjwa, akasema. Nilipokwenda tena Oktoba ilikuwa bado juu ya kile kiti, na hakusema chochote juu ya Musembi, ila mazungumzo yetu yote alikuwa anayakatiza katikati, akiinua kidole, akidhani imelia. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza kama anakula, akanijibu mambo ya vifaranga.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, nikaweka laini mpya kwa simu ya zamani. Nilifunga mlango. Nikakohoa, nikaifanya sauti yangu iwe laini, ule upole wao wa kununua, na haki nakwambia ulikuja rahisi kuliko nilivyotarajia.

Simu haikulia hata mara mbili.

"Habari ya asubuhi, mama. Naitwa Musembi, napiga kutoka Ruiru."

Nikasikia kuku nyuma yake, na pumzi yake. "Musembi," akasema. "Ulinyamaza sana."

"Kulikuwa na kazi nyingi, mama."

"Una sauti ingine leo."

"Ni homa."

"Kunywa tangawizi." Akangoja. Nilijua anangojea nini. Miaka mingapi sijalitaja jina hilo ndani ya hii nyumba kama la mtu anayetembea?

"Tunamtafuta Josphat Nzioki Kimeu," nikasema. "Amerudi?"

"Bado," akasema Mwaitu. Sauti yake ilikuwa imeinuka, ilikuwa karibu sauti ya msichana. "Bado hajarudi. Lakini msiifunge. Wiki ijayo vifaranga vikikua kidogo nauza jogoo, nitatuma mia tano."

"Usitume pesa, mama."

"Nisitume?"

"Siku hizi hatuchukui pesa. Tunauliza tu."

Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani amenitambua. Nikangoja aniite jina langu.

"Basi muwe mnauliza," akasema. "Kila mwezi, Musembi. Usisahau tena."

Nilimwambia sitasahau. Nikakata simu nikaitia ndani ya kikombe cha benki, kile cha bure, ambacho huwa naweka sindano za mashine. Mbuvi alikuwa anakuja saa saba kula. Nikaketi nikafuma mistari mitatu, halafu mikono ikasimama, kwa sababu nilikuwa nimemtafuta mtu kwa majina yake yote matatu, na masikio yangu yalikuwa yanangoja jibu.

Nikatoka nje. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, vile huwa nalifunga kila siku. Nikatoa komeo, nikaliacha wazi kidogo, nikarudi kwa mashine.